Tui Lililokatika: Maelezo Juu ya Kasimile na Tui la Kupopolea

Ramadhani iliyopita tulialikwa kufuturu kwa jamaa yetu mmoja wa Tanga. Mwanawe alikuwa ameoa miezi michache nyuma, na mkewe ni binti wa Tabora, mtu wa adabu na mwenye mkono mwepesi wa kazi, aliyekulia katika nyumba ambamo mboga huungwa kwa karanga na wali hutiwa samli. Nazi kwao ni kitu cha safari. Huja kwa gari la moshi kutoka pwani, na ikifika hununuliwa kwa hesabu. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, bibi arusi huyu aliachiwa jiko lote peke yake, na katika vyakula alivyotakiwa kupika alikuwamo samaki wa nazi.

Alianza mapema kwa kuogopa aibu. Baada ya Adhuhuri alikuna nazi tatu, akazikamua zote kwa pamoja katika bakuli moja, akaliacha tui mezani huku akishughulika na muhogo na vitumbua. Ilipokaribia Magharibi alilimimina tui lote chunguni juu ya samaki, akakamulia ndimu mbili, akachochea moto ili chakula kiwahi, akafunika chungu na kwenda kuandaa mkeka. Aliporudi na kufunua alikuta mafuta yanaelea juu, na chini yake maji mepesi yenye vipande vyeupe mfano wa maziwa yaliyoganda. Tui lilikuwa limekatika, tena lilikuwa na harufu ya kuchachuka.

Mama mkwe alitazama chungu, akasema mbele ya wanawake waliokuwapo, "Tui halifunikwi, mwanangu." Binti akauliza kwa upole, "Kwa nini halifunikwi, mama?" Akajibiwa, "Ndivyo tulivyowakuta wazee." Tulifuturu kwa tende, uji na muhogo, samaki hakuletwa, na sisi wageni hatukujua lolote. Habari hizi tulizipata siku ya pili kwa mwenyeji wetu mwenyewe, naye alisikitika kwa kuwa mkwewe alilia usiku kucha, akisema kwamba amemwaibisha mumewe.

Yafaa tuseme mapema kwamba mama mkwe hakukosea. Alilolisema ni kweli, na laiti lingefuatwa, tui lisingekatika. Lakini binti naye hakukosea kuuliza. Elimu ya tui katika nyumba nyingi za pwani yetu hurithishwa kwa makatazo: usifunike, usiache kukoroga, usitie ndimu mapema, usilaze tui. Kila neno katika hayo lina sababu yake, na sababu hizo haziwezi kumshinda kijana yeyote kuzifahamu. Basi tumeona tuziandike hapa, kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine walio kama yeye, hasa vijana wetu waliotoka nyumbani na sasa hujipikia wenyewe katika miji ya mbali.

Tuanze na jambo ambalo mtu wa pwani hulicheka, lakini mgeni huliuliza kwa haki: tui si maji yaliyomo ndani ya nazi. Maji yale ni maji tu, yenye sukari kidogo na chumvichumvi, hayana mafuta ya kutajika. Tui ni kitu kinachotengenezwa kwa mkono wa mwanadamu, nalo hutoka katika ile nyama nyeupe ya nazi baada ya kukunwa na kukamuliwa. Nyama hiyo haiji mara moja. Tunda likiwa na umri wa miezi kama 6 hadi 8 ni dafu. Maji yake ni matamu, na nyama yake ni laini mfano wa ute, haikuniki wala haitoi tui. Hufuata koroma, ambayo nyama yake imeanza kukaza lakini mafuta bado ni haba. Kisha, katika miezi ya 11 au 12, huwa nazi iliyopevuka. Hapo ndipo nyama inapokuwa nene na ngumu, na karibu theluthi moja ya uzito wake huwa mafuta, na karibu nusu maji.

Kwa hiyo mwenye kununua nazi na aichukue ile iliyo nzito mkononi, aitikise asikie maji yakicheza, na ayatazame yale macho matatu. Yakiwa makavu na safi, nazi ni nzima. Yakiwa na unyevu au ukungu, iachwe ilipo. Nazi isiyolia kabisa huenda imekauka au imepasuka, na aghlabu mafuta yake yameanza kuharibika. Ikisha kuvunjwa, onja kipande kabla ya kukuna. Nazi tatu nzuri na moja yenye uvundo zikikunwa pamoja, chungu chote kimekwenda. Wazee waliosema nazi mbovu harabu ya nzima walikuwa wakisimulia mambo waliyoyaona kwa macho yao jikoni.

Sasa tuje katika kukamua. Mpishi wa pwani aliyefundishwa vizuri hapati tui moja katika nazi, bali hupata matui mawili au matatu, na kila moja lina mahali pake. La kwanza ni kasimile. Hili hukamuliwa katika nazi iliyokunwa bila ya kutiwa maji, au kwa maji kidogo mno ya uvuguvugu, kiasi cha kulainisha tu. Hutoka zito na jeupe sana, lenye kuteleza vidoleni. Machicha yanayobaki hutiwa maji kikombe kimoja au viwili, yakafinyangwa tena na kuchujwa, na hilo ni tui la pili, ambalo wengi huliita tui la kupopolea. Wengine hukamua mara ya tatu, wakapata maji meupe yenye harufu ya nazi zaidi kuliko nazi yenyewe.

Maji ya uvuguvugu yana hekima yake. Mafuta ya nazi huganda katika baridi iliyo chini ya digrii 24 hivi za sentigredi. Yakitiwa maji ya baridi, sehemu ya mafuta hubaki katika machicha ikatupwa pamoja nayo. Yakitiwa maji ya uvuguvugu, mafuta hulegea na kutoka. Mtu aliye katika nchi ya baridi akikamua nazi kwa maji ya bombani hupata tui chapwa, akadhani kwamba ameuziwa nazi mbaya.

Vyombo vya kazi hii twavijua: mbuzi wa kukunia, ambaye hukaliwa, na kifumbu cha kuchujia kilichosukwa kwa ukili. Siku hizi masoko mengi yana mashine za kukunia, na nyumba nyingi zina mashine ndogo ya umeme ya kusagia. Sisi hatuna ugomvi na mashine hizo. Aliye na kazi ya ofisi na watoto wanne hapaswi kulaumiwa kwa kutokukalia mbuzi. Tahadhari moja tu: mashine ya kusaga husaga nazi ikawa laini mno, na usipotumia kitambaa kizito cha kuchujia, machicha hupita na kuingia chunguni, na mchuzi ukawa na chengachenga katika ulimi.

Twaomba msomaji asimame nasi kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo ilipo siri ya kile chungu cha Tanga. Mafuta na maji, kama kila mtu ajuavyo, havipatani. Tia mafuta ndani ya glasi ya maji, tikisa utakavyo, baada ya muda yatapanda juu. Vipi basi mafuta ya nazi yanakaa ndani ya maji ya tui bila ya kutengana? Jibu ni kwamba mafuta hayo yamegawanyika katika matone madogo mno yasiyoonekana kwa jicho, na kila tone limevikwa ngozi nyembamba ya protini itokayo katika nazi hiyo hiyo. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia tone lisiungane na jirani yake. Weupe wa tui si rangi ya kitu chochote kilichomo. Ni mwanga unaogonga maelfu ya matone hayo na kurudi machoni petu.

Lakini ngozi hiyo ni dhaifu, wala protini ya nazi si nyingi. Tui likiachwa tu litulie, matone ya mafuta hupanda juu polepole, na juu hufanyika tabaka nene kama mtindi, na chini maji. Huko si kukatika. Koroga nalo litarudi kama lilivyokuwa. Kukatika kwenyewe huja kwa mambo mawili hasa. La kwanza ni moto mkali. Protini ya nazi, mfano wa ute wa yai, hugandishwa na joto; tui likitokota kwa nguvu, ngozi hujikunja na kupasuka, matone hukimbiliana na kuwa mafuta, na protini hubaki vipande vipande. La pili ni ukali wa ndimu, ukwaju, embe mbichi au nyanya, ambao nao hugandisha protini kama unavyogandisha maziwa ya ng'ombe.

Sasa turudi kwenye makatazo ya wazee. Tui halifunikwi kwa sababu mfuniko huzuia joto, na chungu kilichokuwa kikichemka taratibu hutokota kwa ghafla hali mpishi hakioni. Tui hukorogwa, au hutekwa kwa upawa na kurudishwa chunguni tena na tena, ili joto lienee, pasiwe na sehemu ya chini iliyounguzwa na ya juu iliyo baridi. Ndimu hutiwa mwisho, chungu kikisha kuepuliwa. Ukwaju ukilazimu kuwamo tangu mwanzo, hupikwa kwanza na tui jepesi, ambalo mafuta yake ni haba na kukatika kwake hakuonekani sana. Na kasimile huingia mwisho wa yote, katika moto mdogo, likapata joto la kutosha kushikana na mchuzi, kisha chungu huteremshwa.

Basi tuuone mpango ulivyo mzuri: tui la kupopolea ndilo linalofanya kazi ya kupika, yaani kuivisha maharage, kunde, mbaazi, kisamvu au samaki, na kasimile ndilo linalokuja kuunga. Binti wa Tabora alikamua yote mawili pamoja, akayatia pamoja, na ndimu juu yake, katika moto mkali, na mfuniko. Hakuna alilolikosea kwa uzembe. Aliyakosea yote manne kwa sababu hapana aliyemwambia kwamba katika bakuli lile mlikuwa na vitu viwili.

Katika wali wa nazi mpango ni huo huo. Kwa kilo moja ya mchele, nazi mbili nzuri zatosha kwa walaji wengi. Tui jepesi huchemshwa na chumvi, mchele ulioshwa hutiwa, na maji yakikaribia kukauka humiminwa kasimile juu yake, kisha hupaliwa makaa juu ya mfuniko. Hapo kufunika hakudhuru, kwani tui limekwisha kunywewa na punje na hapana mchuzi wa kukatika. Wenye majiko ya gesi hupunguza moto hadi mwisho. Ukoko wa wali huu twauacha bila maelezo, kila nyumba ina mwenye haki nao.

Wako wanaodhani kwamba kupika kwa tui ni jambo letu peke yetu. Sivyo, bali ni urithi wa bahari nzima ya Hindi. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipotoka pwani yetu alikwenda Dhofar, ambayo leo ni sehemu ya Oman, na huko aliikuta minazi. Katika kitabu cha safari zake, kilichomalizika kuandikwa mwaka 1355, alieleza namna watu wa huko walivyokuwa wakipata maziwa katika nazi: mwanamke hukaa juu ya kitu mfano wa kiti, akawa na chombo chenye ncha ya chuma cha kutolea nyama ya nazi ndani ya kifuu, kisha nyama hiyo hulowekwa katika maji ikawa na rangi na ladha ya maziwa, na watu wakaifanya kitoweo. Msomaji aliyewahi kukalia mbuzi atatabasamu. Imekwisha pita miaka zaidi ya 600, na mwanamke bado amekaa pale pale, na mji wa Salalah huko Dhofar mpaka leo una minazi yake.

Tena wataalamu waliochunguza asili ya minazi ya dunia, na kutangaza matokeo yao mwaka 2011, walieleza kwamba minazi iligawanyika tangu kale katika makundi mawili, moja la bahari ya Hindi na moja la Pasifiki, na kwamba upande wetu huu wa Afrika ya Mashariki, pamoja na Komoro na Bukini, huonekana mchanganyiko wa makundi hayo. Waliuhusisha mchanganyiko huo na mabaharia wa kale waliovuka kutoka visiwa vya mashariki. Yaelekea basi kwamba mnazi unaotupa kivuli nyuma ya nyumba una damu ya pande mbili za dunia, kama walivyo wengi wetu.

Na huko mashariki twapata jambo la kutuliza moyo wa kila aliyekatikiwa na tui. Waminangkabau wa Sumatra ya magharibi, ambao ni Waislamu, wana chakula chao kiitwacho rendang. Nyama hupikwa katika tui kwa saa nyingi, mpaka maji yote yaishe, tui likatike kabisa, mafuta yatoke, na nyama ikaangike katika mafuta yale yale iliyochemkia. Wapishi wa Thailand nao mara nyingi huanza kwa kuchemsha tui zito mpaka mafuta yajitenge, ndipo wakakaangia viungo humo. Na bibi zetu wenyewe walipotaka mafuta ya nazi ya nywele au ya kupikia walifanya nini, kama si kulichemsha tui mpaka likatike? Kwa hiyo kukatika kwa tui si laana. Kwa aliyekutaka ni ufundi, na kwa asiyekutaka ni hasara. Tofauti ni kujua unachokifanya.

Ama tui la kopo na la pakiti, hapa vijana wetu walio ugenini ndio wanaohitaji maneno zaidi, na hata huku nyumbani limekwisha kuingia madukani. Kijana mmoja wa jamaa zetu, aliyekuwa akisoma Uingereza, alitaka kuwapikia wenzake kuku wa nazi. Aliingia dukani akachukua kopo lenye picha ya nazi, akalimimina lote juu ya kuku, vitunguu saumu na pilipili. Wenzake walikula kwa adabu. Kopo lile lilikuwa la tui lililotiwa sukari nyingi, ambalo hutengenezwa kwa ajili ya vinywaji na vyakula vitamu, na kuku wake, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa na ladha ya kashata iliyotiwa pilipili.

Yafaa ijulikane kwamba majina ya makopo yana kipimo. Tume ya Codex Alimentarius, inayoweka kanuni za vyakula chini ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, ilitoa kipimo cha matui mwaka 2003. Tui jepesi halipungui mafuta 5 katika kila 100 ya uzito wake. Tui la kawaida halipungui 10. Tui zito, ambalo wageni huliita kwa jina la malai ya nazi, halipungui 20. Na lile lililokolezwa zaidi halipungui 29. Msomaji ataona kwamba wataalamu wa dunia, pamoja na mizani yao, wamefika pale pale walipokuwapo wazee wetu: kasimile mbali na tui la kupopolea mbali. Kwa hiyo mwenye kopo la tui zito na akae akijua kwamba ana kasimile mkononi. Akitaka kuivisha maharage nalo, na alizimue kwa maji sawa kwa sawa, na abakishe kiasi cha kuungia mwishoni.

Soma maandishi ya kopo kabla ya kulipa. Lililo zuri kwa mchuzi lina nazi na maji, na aghlabu gundi kidogo ya mimea inayoshika mafuta na maji yasitengane. Tui lenye gundi hustahimili moto kuliko tui la mkono, na hiyo ndiyo sababu mtu aliyezoea kopo hufikiri kuwa ni fundi mpaka siku atakapopewa nazi. Lisilo na gundi hutengana ndani ya kopo, juu zito na chini maji. Hilo si bovu, na mwenye akili hulifungua bila kulitikisa, akateka lile la juu kwa kijiko na kuliweka kando kama kasimile. Kopo lililovimba halifunguliwi wala kuonjwa, hutupwa. Na unga wa tui unaouzwa katika pakiti mara nyingi huchanganywa na protini ya maziwa ya ng'ombe, basi mwenye mtoto anayedhurika kwa maziwa asidanganyike na neno nazi.

Jambo la kuchacha latutaka tusiwe wepesi. Tui si kali kama ndimu wala si tamu kama asali. Ni chakula laini chenye maji, mafuta na sukari kidogo, na vijidudu hukipenda kama sisi tukipendavyo. Katika joto la pwani tui bichi lililokaa mezani tangu Adhuhuri hadi Magharibi limekwisha kuharibika, hata kama rangi yake haikubadilika. Likamuliwe karibu na wakati wa kupika, au liwekwe ndani ya friji na kutumika siku hiyo hiyo au ya pili yake. Katika Ramadhani, ambapo mpishi hawezi kuonja kwa raha yake, na afuate saa kuliko ulimi. Kopo likifunguliwa, kilichobaki kihamishiwe chombo kingine chenye kifuniko na kuwekwa katika baridi, na kisipite siku tatu au nne.

Wala mtu asidhani kwamba barafu huua kila kitu. Mwaka 1991, katika jimbo la Maryland huko Marekani, watu wachache walipatwa na kipindupindu, na waganga wa serikali walipofuatia waligundua kwamba kimetokana na tui lililogandishwa lililoletwa kutoka Thailand, na ambalo lilitiwa juu ya wali mtamu. Baridi iliwalaza vijidudu, haikuwaua. Tui lililotoka katika barafu na lichemshwe. Likikatikakatika kidogo kwa sababu ya kuganda na kuyeyuka, hilo ni la sura tu, wala haliharibu mchuzi.

Tumeulizwa mara nyingi kama tui lina madhara katika mwili, na majibu tunayoyasikia mabarazani ni mawili, kila moja limepita mpaka. Wengine husema ni sumu ya moyo, wengine husema ni dawa ya kila maradhi. Ukweli ni kwamba nazi haina kolesteroli ndani yake, lakini karibu mafuta 90 katika kila 100 ya mafuta yake ni ya aina ile inayoganda, na mafuta ya aina hiyo yakizidi huongeza kolesteroli mbaya katika damu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta hayo yasizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu zote tuzipatazo kwa chakula. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, hiyo ni gramu kama 22.

Sasa tufanye hesabu ya jikoni. Kopo la gramu 400 la tui zito lenye mafuta 20 katika 100 lina gramu 80 za mafuta, na katika hizo gramu 72 ni za aina hiyo. Likiliwa na watu sita, kila mmoja amepata gramu 12, zaidi ya nusu ya haki yake ya siku nzima. Wakilila watu watatu, wamemaliza haki yao na kupita. Na katika mkeka wa futari ya pwani mtu huwa na muhogo wa nazi, na kunde za nazi, na samaki wa nazi, na vitumbua, na baadaye daku la wali wa nazi! Hatusemi watu waache. Twasema kwamba chakula kimoja au viwili vya nazi katika mkeka vyatosha, na kwamba mzee mwenye maradhi ya moyo atolewe mchuzi wake wa tui la kupopolea kabla kasimile halijaingia. Hilo ni jambo la upawa mmoja, wala halimgharimu mpishi kitu. Jambo jingine: tui, kwa weupe wake, lisifanywe badala ya maziwa kwa mtoto mchanga. Protini yake ni haba, na chokaa ya kujenga mifupa imo kidogo mno ukilinganisha na maziwa ya ng'ombe.

Machicha nayo hayakuumbwa kutupwa. Kuku huyapenda. Yakikaushwa na kukaangwa kidogo hutiwa katika mikate na biskuti. Na akina mama wa zamani waliyatumia kusugulia sufuria.

Tulipita Tanga tena siku ya pili ya Idi. Mama mkwe alikuwa amekaa barazani, ametandika mguu mmoja juu ya mwingine, na harufu ya samaki wa kupaka ikitoka ndani. Tukamwamkia, naye akaitikia, akasema kwamba leo yeye ni mgeni kama sisi. Kumbe yeye mwenyewe alikaa na mkwewe jikoni siku tatu mfululizo, na alipoulizwa kwa nini hili na kwa nini lile, na mengine akawa hana jibu, walijaribu wote wawili kwa nazi ya ziada, wakalikata tui kwa makusudi, wakacheka. Sinia lilipoletwa, samaki alikuwa amefunikwa kwa kasimile zito, jeupe, lisilo na tone moja la mafuta juu yake. Binti wa Tabora alichungulia mlangoni, akauliza kama ndimu imetosha.

Tukamwambia imetosha. Mama mkwe akasema bado kidogo, na ndimu ikaletwa.